Fundi Nyuma ya Gazeti: Zana za Kuchapisha Habari na Lugha ya Kiswahili Mombasa

1. Utangulizi

Historia ya magazeti ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa majina ya wahariri na wenye mali. Hutajwa aliyelianzisha gazeti, aliyelinunua, aliyelifunga, na maneno yaliyomtia mashakani. Ni nadra kutajwa yule aliyesimama baina ya mwandishi na msomaji, ingawa hapana sentensi iliyowahi kufika machoni pa msomaji bila ya kupita mikononi mwake. Zamani mtu huyo alikuwa mnakili mwenye kalamu na wino. Baadaye akawa mpanga herufi mbele ya sanduku la risasi. Leo ni mhandisi wa programu, ambaye huenda hajapata kukanyaga chumba cha habari anachokihudumia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtu huyo si mchukuzi tu wa maneno ya wengine. Zana anayoitengeneza huamua herufi ipi itaandikika, lahaja ipi itapata nafasi, na neno lipi litapatikana litakapotafutwa. Mji uliochaguliwa kuwa kielelezo ni Mombasa, na ndani ya kisiwa hicho mtaa wa Kizingo, kwa sababu mbili. Kwanza, Mombasa ni mji wa ushairi na maandishi tangu kale, na kwa hiyo hasara au faida inayoletwa na zana huonekana wazi zaidi hapo kuliko mahali ambapo maandishi yalikuja pamoja na mashine. Pili, mambo mengi yanayohusu habari katika pwani ya Kenya yameingilia baharini, na Kizingo ndiyo pembe ya kisiwa inayotazama bahari hiyo.

Jina lenyewe lafaa kuzingatiwa. Kizingo ni pindo au mzunguko, kama kizingo cha mto au cha njia, na asili yake ni kitenzi kuzinga, yaani kuzunguka. Meli inayotoka bahari kuu kwenda Kilindini hupita chini ya mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, ambayo zamani iliitwa Azania, na mbele ya mnara wa taa wa Ras Serani. Kilichotoka nje hugeuka hapo ndipo kiingie ndani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa zana za habari: ziliingia kutoka ng'ambo zikiwa na umbo la lugha nyingine, na swali la historia ni kama ziligeuzwa zikaifuata lugha ya mji, au ni lugha iliyogeuzwa ikazifuata.

2. Maneno ya kazi

Kabla ya kuingia katika historia, inafaa kuyachunguza maneno ambayo Waswahili wameitumia kazi hii, kwani maneno hayo yenyewe ni ushahidi. Gazeti ni neno la Kizungu. Chapa limetoka Bara Hindi, na limezaa kupiga chapa, mpiga chapa, kuchapisha, mchapishaji na uchapaji. Matbaa, mhariri, jarida na sahifa yametoka katika Kiarabu. Simu, ambalo kabla ya kuhusishwa na mazungumzo lilikuwa jina la habari zinazopelekwa kwa waya, lina asili ya Kiajemi. Hivyo kazi nzima ya habari imejengwa kwa maneno yaliyovuka bahari, lakini yaliyokwisha kupewa ngeli, viambishi na minyambuliko ya Kibantu hata hayasikiki tena kuwa mageni.

Jina la mwenye kazi ndilo limekuwa na mashaka. Neno mhandisi limekubaliwa kwa elimu ya vyuo, na mhandisi mwandamizi ni yule aliyepanda cheo, kama vile mhadhiri mwandamizi. Hata hivyo mitaani bado neno ni fundi, na neno hilo lina uzito ambao mhandisi hana, kwa kuwa lina udugu na kufunda na kufundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa na ambaye naye hufunda. Itaonekana hapa chini kwamba sifa hiyo ya pili ndiyo iliyokosekana mara nyingi katika historia ya zana za habari: waliojua mashine hawakufundwa lugha, na waliojua lugha hawakufundwa mashine.

3. Waya na risasi, 1890–1930

Waya wa simu wa chini ya bahari uliwahi kufika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 ukaunganishwa na Mombasa. Tangu hapo bei za London na amri za serikali ziliweza kufika kisiwani kwa muda wa saa badala ya majuma. Mwaka 1899 likaanza gazeti rasmi la serikali ya himaya, na mwaka 1902 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee akaanzisha mjini Mombasa gazeti la African Standard. Aliliuza mwaka 1905, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 makao yake yakahamishiwa Nairobi, kufuata reli na kufuata serikali.

Magazeti hayo yalikuwa ya Kiingereza. Yalitumia waya uliopita katika bahari ya Waswahili na nguvu za wachukuzi wa bandari yao, lakini hayakuwa na haja ya lugha yao. Kiswahili kilipata magazeti yake ya mwanzo mahali pengine. Msimulizi lilitolewa na wamisionari wa UMCA huko Kiungani, Unguja, kuanzia mwaka 1888. Kiongozi lilitolewa Tanga kuanzia mwaka 1904 chini ya serikali ya Wadachi. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Waingereza. Yote matatu yalikuwa na jambo moja la kufanana: mwenye matbaa alikuwa ama misheni ama serikali, na hati iliyotumika ilikuwa ya Kirumi.

Si kwamba watu wa Mombasa hawakuwa na maandishi. Walikuwa na hati ya Kiarabu iliyotumika kwa mashairi, nyaraka, hesabu za biashara na wasia. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalihifadhiwa kwa hati hiyo na kwa vifua vya watu, na Mwalimu Sikujua ndiye aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Lakini hati ya Kiarabu ina taabu yake mbele ya risasi. Herufi moja hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake. Kwa hiyo sanduku la mpanga herufi wa Kiarabu huwa na vipande vingi mno kuliko la mpanga herufi wa Kirumi. Mashine ya Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kazi New York mwaka 1886, ilizidisha tofauti hiyo, kwa kuwa ilifanya upangaji wa herufi za Kirumi uwe wa haraka na wa bei ndogo. Mwenye kutaka kuchapa Kiswahili kwa hati ya mababu zake alianza safari akiwa na mzigo mkubwa kuliko mshindani wake.

4. Sahifa na Al-Islah

Mtu aliyeubeba mzigo huo alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 alikwisha kuwa mtu wa magazeti. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi dogo la Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa akifuatilia mijadala ya wanamageuzi wa Misri, hasa ile iliyotoka katika jarida la Al-Manar la Cairo, na alitaka watu wa Mombasa wajadiliane vivyo hivyo kwa lugha yao wenyewe juu ya elimu, ubadhirifu wa arusi, na hali ya Waislamu chini ya ukoloni.

Wengi wameyachambua mawazo ya Sheikh Al-Amin. Jambo lililoangaliwa kwa uchache ni uamuzi wake wa ufundi. Jina Sahifa maana yake ni ukurasa, na ukurasa ndio uliokuwa kadiri ya uwezo. Hapakuwa na kampuni nyuma yake, wala ruzuku ya serikali, wala sanduku la matangazo ya biashara. Alianza na zana iliyokuwapo, akaandika kwa hati ambayo wasomaji wake waliijua tangu chuoni, kisha akapanua alipoweza. Magazeti yake hayakudumu miaka mingi. Lakini makala zilizokusanywa kutoka humo zilitolewa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na bado zinasomwa.

Funzo la hapa ni kwamba gazeti lililoanzishwa na mtu anayeijua lugha na kuwajua wasomaji linaweza kuishi na zana duni. Kinyume chake hakijathibitika: zana bora bila mtu wa namna hiyo haijaonekana kuzaa gazeti la Kiswahili lenye uhai.

5. Sanduku la herufi na lahaja ya Kimvita

Wakati Sheikh Al-Amin akijiandaa kuanza kazi yake, suala la lugha lilikuwa limekwisha kukatwa. Mkutano wa mwaka 1928 ulikaa Mombasa kwenyewe ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Sababu za uamuzi huo zimejadiliwa sana, na Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walilipitia suala hilo katika Historia ya Kiswahili ya mwaka 1977. Hapa yatosha kuangalia upande wa zana.

Kimvita kina sauti ambazo alfabeti ya Kirumi ya kawaida haina alama zake. T ya meno, inayosikika katika mato, yaani macho, na katika kuteka kwa maana ya kucheka, si t ile ya ufizi inayosikika katika kuteka maji. Vilevile kuna mpumuo: kaa wa pwani hupumuliwa, kaa la moto halipumuliwi, paa wa mwituni hupumuliwa, paa la nyumba halipumuliwi. Mshairi wa Mombasa huzitumia tofauti hizi, na sikio la mji huzisikia. Wataalamu waliomtangulia mpanga herufi walizijua: Taylor aliziwekea alama, na katika karne ya 20 Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefundisha London, alipendekeza namna ya kuziandika kwa hati ya Kiarabu kwa kuzidisha nukta.

Lakini gazeti halichapwi kwa alama zilizomo katika daftari la mtaalamu. Huchapwa kwa herufi zilizomo sandukuni. Taipureta iliyoagizwa Uingereza ilikuwa na herufi za Kiingereza, na ndivyo ilivyokuwa Linotype. Tahajia ya Kiswahili sanifu haikuhitaji alama yoyote ya juu wala ya chini, isipokuwa ritifaa ya ng', kwa hiyo iliingia katika mashine hizo bila taabu. Tahajia ya Kimvita ingehitaji kipande kipya cha risasi kwa kila sauti. Haisemwi hapa kwamba mashine ndiyo iliyokishinda Kimvita. Siasa, shule na mitihani zilifanya kazi kubwa zaidi. Linalosemwa ni kwamba mashine ilizifunga njia za kurudi. Mwandishi wa Mombasa aliyepeleka habari kwa Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na kampuni ya East African Standard mwaka 1939 na kuhaririwa hapo mwanzo na Francis Khamisi, aliandika kwa herufi zilizokuwako. Kilichobaki katika Kimvita kikabaki katika ushairi na katika mazungumzo ya barazani, hadi vitabu kama Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir, mwaka 1971, vilipokirudishia sehemu ya heshima yake katika chapa.

6. Kutoka risasi hadi programu

Taifa lilianza mwaka 1958, likaingia katika kampuni ya magazeti iliyoundwa na Aga Khan, na kufikia mwaka 1960 Taifa Leo likawa gazeti la kila siku. Uchapaji wa ofseti na upangaji wa picha viliiondoa risasi polepole, kisha kompyuta ikaondoa mkasi na gundi. Mwaka 1997 gazeti la Daily Nation lilikuwa tayari likisomwa kwa njia ya intaneti. Mwaka 2009 nyaya mpya za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, inayotoka Fujairah kwa safari ya zaidi ya kilomita 4,000, na SEACOM, EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa mara ya pili tangu mwaka 1890 kisiwa hiki kikawa mlango wa habari za Afrika Mashariki, ila safari hii waya haukuleta habari tu. Ulipeleka pia kazi.

Hapo ndipo anapoingia mhandisi wa programu. Mtu mwenye cheo cha mhandisi mwandamizi aweza leo kukaa Kizingo, dirisha lake likitazama mlango wa Kilindini, akahudumia chumba cha habari kilichoko Nairobi, au London, au kwingineko. Kazi yake haionekani gazetini. Hutengeneza ukurasa ambao mwandishi huandikia; njia ambayo habari hupita kutoka kwa mwandishi hadi kwa mhariri msanifu na kwa mhariri mkuu; kumbukumbu ya nani alibadilisha neno lipi na lini; nafasi ya kichwa cha habari na idadi ya herufi zake; hifadhidata ya makala zote zilizotangulia; na mtambo wa kutafutia. Usiku wa kutangazwa matokeo ya uchaguzi, watu maelfu kwa maelfu wanapoufungua ukurasa mmoja kwa dakika moja, yeye ndiye aliye macho. Mwandamizi miongoni mwa wahandisi hupewa zaidi ya hayo: huyasoma na kuyapitisha maandishi ya msimbo ya wenzake wachanga, na neno lake ndilo linaloamua kasoro ipi itengenezwe sasa na ipi ingoje. Ni cheo cha uhariri, ijapokuwa hakiitwi hivyo.

Ndipo lugha inapohusika. Zana nyingi za kazi hii zilibuniwa kwa Kiingereza, na mazoea ya Kiingereza yamo ndani yake kama vile herufi za Kiingereza zilivyokuwa ndani ya sanduku la risasi. Mifano minne itatosha.

Mfano wa kwanza ni ritifaa. Programu inapounda anwani ya makala kutokana na kichwa chake, huondoa kila alama isiyo herufi wala tarakimu. Katika Kiingereza hasara ni ndogo. Katika Kiswahili ng'oa inakuwa ngoa, na kung'oa mti ni jambo moja, kulia ngoa ni jambo jingine. Tena programu zinazogeuza ritifaa zenyewe kuwa alama ya kufungulia usemi huliharibu neno hilohilo hata ndani ya habari.

Mfano wa pili ni ngeli. Mhandisi hupenda kuandika kiolezo kimoja: idadi, kisha jina la kitu, kisha neno la sifa. Kiingereza hukubali, kwa kuwa kivumishi chake hakibadiliki. Kiswahili hudai makala mapya, picha mpya, tangazo jipya, kitabu kipya. Kitufe kinachoonyesha hali ya habari kwa neno moja la Kiingereza kinahitaji katika Kiswahili imechapishwa, yamechapishwa, limechapishwa au kimechapishwa. Kikiandikwa kwa umbo moja tu, mwandishi huona sarufi mbovu mara mia kwa siku ndani ya zana ya kazi yake, na jicho huzoea. Hata hivyo tiba si ngumu kwa mwenye kuijua lugha: neno hadharani, kwa mfano, halina upatanisho na ngeli yoyote, na lingeweza kuchukua nafasi ya maumbo yote manne.

Mfano wa tatu ni saa na siku. Programu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia kupambazuka na kuchwa. Programu ikitafsiriwa neno kwa neno huandika saa 9 asubuhi, na msomaji hubaki akijiuliza. Kubwa zaidi ni siku yenyewe. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapokuchwa, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya mashine huuita Alhamisi. Habari ya maziko au ya maulidi ya Mji wa Kale ikitiwa tarehe na mashine bila kumwuliza mtu, wageni watafika siku ya pili.

Mfano wa nne ni utafutaji. Kanuni iliyotolewa na Martin Porter wa Cambridge mwaka 1980, ambayo imefuatwa na mitambo mingi, hupata shina la neno la Kiingereza kwa kukata mwisho wake. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mbele na nyuma. Anayetafuta chapisha katika maktaba ya gazeti kwa mtambo wa aina hiyo hatapata kilichapishwa, hawajachapisha, wala tutakayoyachapisha. Habari zimo, lakini hazipatikani. Na habari isiyopatikana, kwa mtafiti wa kesho, ni sawa na habari isiyoandikwa.

7. Waliokwisha kujaribu

Ingekuwa dhuluma kudai kwamba hapana aliyeyashughulikia mambo haya. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza katika miaka ya 1980 kutunga kanuni za kuyachambua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, na mwaka 1992 akatangaza matokeo ya kazi hiyo. Kwa kanuni za aina hiyo ule mfano wa nne una jawabu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hati ya Kiarabu, Kevin Donnelly ametunga programu iitwayo Andika!, inayoliwezesha andiko la Kiswahili kuhamishwa kati ya hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Kile kipande cha risasi ambacho hakikuwamo sandukuni mwaka 1930 kinaweza sasa kuandikwa bila gharama ya risasi, kwa kuwa Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ina nafasi kwa hati zote mbili.

Upande wa habari zenyewe, tukio lisilosahaulika ni la Ushahidi. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja mwishoni mwa Desemba 2007, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kikundi cha Wakenya na marafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, kilitunga kwa siku chache programu ya kupokea taarifa za wananchi na kuzionyesha juu ya ramani. Zana hiyo ilianza kazi Januari 2008 na baadaye ikatumika Haiti na kwingineko. Ilitungwa na watu wa Kenya kwa haja ya Kenya, na jina lake la Kiswahili limekwenda ulimwenguni. Hata hivyo jina ni jambo moja, na lugha ya zana ni jambo jingine. Swali la namna ya kuitenga taarifa ya Kiswahili kwa ngeli zake, saa zake na mashina yake linabaki palepale kwa kila zana mpya.

Katika Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, Swahilipot imekuwa tangu mwaka 2016 mahali ambapo vijana wa sanaa na vijana wa kompyuta hukutana chini ya paa moja. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwa sababu udhaifu ulioelezwa hapa ni udhaifu wa watu wasiokutana.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika kila zama za magazeti ya pwani palikuwa na fundi ambaye uamuzi wake mdogo wa kazi uligeuka kuwa uamuzi mkubwa wa lugha. Mpanga herufi wa zama za risasi hakukusudia kukidhulumu Kimvita. Alitumia herufi alizopewa. Mhandisi wa leo hakusudii kuivunja ngeli. Hutumia kiolezo alichokikuta. Tofauti baina yao ni moja, nayo ni ya msingi. Yule wa kwanza hakuweza kuyeyusha herufi mpya bila idhini ya aliyekuwa na mali, na tanuri lilikuwa Uingereza. Huyu wa pili aweza kuibadilisha zana yake adhuhuri, na kabla ya magharibi kila mwandishi wa gazeti akawa anaitumia.

Kwa hiyo lawama haiwezi tena kutupiwa mashine. Idara za lugha zimetumia miaka mingi kubuni istilahi za kompyuta, na mijadala ya kompyuta na tarakilishi haijakwisha. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ni ya kuipa mashine majina; haijawa kazi ya kuipa mashine sarufi. Mwanafunzi wa isimu anayehitimu akijua upatanisho wa kisarufi wa ngeli zote, asijue kwamba kuna mhandisi Kizingo anayehitaji maarifa hayo jioni hiyo, amefundwa nusu. Na mhandisi anayeweza kuuhimili usiku wa uchaguzi, lakini anayeiruhusu programu yake kung'oa ritifaa ikabakisha ngoa, naye amefundwa nusu. Sheikh Al-Amin alikuwa na ukurasa mmoja tu, lakini nusu zote mbili zilikuwa mkononi mwake.